Bangili ya Akina Rutar

Jumamosi asubuhi wanaume wa kijiji cha Podmelnik walilitoa gari la zimamoto jumbani mwake wakaliegesha kando ya kanisa. Wanawake wakaingiza meza ndefu mahali pake, wakazitandika kitambaa cha nailoni chenye picha za ndimu. Nyuma kabisa, kwenye jiko la gesi, viazi na jibini vilikuwa vinakaangwa pamoja viwe frika, kwa sababu hakuna shughuli inayofanyika katika bonde lile bila frika, hata maziko. Watu walikuwa wameshapanga foleni, kila mmoja na kikopo chake cha biskuti au soksi iliyofungwa fundo, pale gari dogo la kijivu lilipowasili kutoka mji mkuu, Ljubljana. Akashuka Daktari Neva Žagar, mwanamke mrefu wa makamo, daktari wa historia, na begi lenye kioo cha kukuzia, mizani ya sonara, na sabuni ya kuvulia pete zinazogoma kutoka. Akaomba kahawa, akaomba mbwa atolewe, akakaa.

Alikuwa amekuja kutambua mapambo ya vita. Katika vita vya enzi za babu zao, majeshi mawili yalipokaa miaka yakitazamana kutoka majabalini juu ya mto, askari wasiokuwa na la kufanya kati ya mzinga mmoja na mwingine walichukua sarafu za fedha na kuzigonga ukingoni kwa kijiko, taratibu, mpaka zikawa pete. Wengine walizisugua upande mmoja zikawa laini, wakazichora maua na majina ya wachumba. Kila nyumba bondeni ina moja au mbili kwenye droo. Tatizo ni kwamba siku hizi zinatengenezwa pia za uongo, na kwa macho tu zinafanana.

Daktari Neva alitumia kioo na mizani, lakini mwisho wa yote alikuwa anazivaa. Sarafu iliyofuliwa vitani humpa mvaaji kile alichokuwa nacho mfuaji mwilini siku ile anaifua. Jambo hili bondeni analijua kila mtu, na kila nyumba inajua ni pete gani isiyofaa kwenda nayo kanisani. Mke wa mwenye bucha ana pete nzuri ya lira ya Kitaliano inayomuumiza mvaaji jino. Huivaa siku mama mkwe wake anapokuja kumtembelea, apate sababu ya kunyamaza.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Zdravka, mjane mnene mwenye sauti kubwa, na pete ya marehemu baba yake. Daktari aliivaa, akainamisha kichwa kidogo, akaanza kupiga kelele.

"HUYU ALIKUWA WA MIZINGA! SIKIO LA KUSHOTO HALISIKII KABISA!"

"Mbona unanifokea, daktari?" Zdravka akauliza.

"UNASEMAJE?"

"Nasema hata baba aliyeiokota alikuwa hivyohivyo! Tulikuwa tunadhani ana kiburi!"

Daktari aliivua, akasugua sikio, akaandika kikaratasi: fundi ni mpiga mizinga, pete ni halali. Zdravka akaibusu pete na kuirudisha kwenye soksi.

Aliyefuata alikuwa kijana wa duka la zana, aliyenunua pete yake mtandaoni kwa bei ambayo hakumwambia mkewe. Daktari aliivaa, akasubiri. Akatazama saa ya ukutani. Akapiga mwayo, akaitazama tena.

"Hii ni ya kiwandani," alisema. "Sisikii kitu, ila nina hamu kubwa saa kumi ifike nirudi nyumbani."

Watu wakacheka, kijana naye akacheka kwa shida, na foleni ikasogea.

Karibu na adhuhuri aliingia meya, Stojan Rutar, akiwa amevaa tai, na nyuma yake shemeji yake Valerija, mjane wa kaka yake. Watu wakawapisha. Hawa hawakupanga foleni kwa sababu ukweli ni kwamba shughuli yote ilikuwa yao. Stojan alikuwa anafungua chumba cha makumbusho kwenye shule ya zamani, Chumba cha Matija Rutar, kwa heshima ya babu yake. Mabango yalikuwa yameshachapwa, yana picha ya bangili na maneno makubwa: UPENDO CHINI YA MIZINGA. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya mtaalamu tu.

Hadithi ya bangili ile waliijua hata watoto. Matija Rutar, akiwa juu majabalini katika jeshi la Kaisari, aliisubiri mizinga inyamaze, akatoa sarafu za mshahara wake, akazisugua, akazichora ua moja moja la mlimani, akaziunganisha kwa waya, akamletea mchumba wake Terezija. Alipokuwa hapigani, Matija alijenga barabara ile inayopanda mpaka kwenye genge la mlimani. Ndivyo familia ilivyosema, na barabara ipo, mtu hawezi kubisha. Tangu hapo bangili ilivaliwa na mke wa mwana mkubwa wa Rutar, haivuliwi, hupokewa mkononi siku ya harusi. Ilisemekana inaleta ujasiri.

Valerija aliipokea kwa mama mkwe wake, Pavla, akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba kama ufito, kutoka kwa watu wa juu wanaochunga ng'ombe na kutengeneza jibini. Pavla alimvisha bangili kabla ya karamu. Kwenye karamu bibi harusi alikula supu yake na ya bwana harusi, akala kuku, akala sahani ya maandazi yaliyojazwa jibini iliyokuwa mbele ya padri, na keki ilipoletwa akauliza kama kuna mkate. Akina Rutar walitazamana. "Huko juu hawajawahi kushiba," alisema Pavla, na neno hilo likamkaa Valerija maisha yake yote kama doa la mafuta.

Alikula, asinenepe. Alikula akiwa jikoni, akiwa shambani, akiwa na mimba na bila mimba. Kijijini walimwita Mashine ya Kupura. Wahenga walisema njaa mwana malegeza, lakini Valerija njaa haikumlegeza, ilimsimamisha saa zote karibu na kabati. Pavla, ambaye baada ya kuvua bangili alikuwa mtu wa kula kidogo na kwa adabu, alitia kufuli kwenye stoo ya chakula na kuuvaa ufunguo shingoni pamoja na msalaba. Alijua anachokifungia. Yeye mwenyewe alikuwa amefungiwa na Terezija.

Ludvik, mume wa Valerija, alikuwa mtu mpole. Alimpitishia mkewe mkate chini ya meza mpaka siku aliyokufa. Hakuwahi kumuuliza kwa nini, na mke hakuwahi kumshukuru kwa sauti, kwa sababu kushukuru kungekuwa ni kukiri ulafi.

"Haya daktari," alisema Stojan. "Hiyo ndiyo yenyewe. Shemeji, mpe."

Valerija alifungua waya wa bangili kwa kucha. Ilimchukua muda, maana haukuwa umezoea. Mkono ulipobaki mtupu, ulikuwa na mstari mweupe kama wa saa. Akakaa pembeni, na mmoja wa wanawake, kwa mazoea ya miaka mingi, akamwekea mbele sahani ya frika iliyojaa mpaka ukingoni.

Daktari Neva aliigeuza bangili chini ya kioo. Upande mmoja kulikuwa na maua, yamechorwa kwa mkono usiotetemeka. Upande wa pili sarafu zilikuwa zimeachwa kama zilivyo, zimechakaa kwa kusuguana na ngozi za wanawake watatu.

"Kuna tai," alisema.

"Mwenye vichwa viwili!" Stojan alidakia, akiwageukia watu. "Tai wa Kaisari wetu!"

"Bwana Meya, enzi zile kila kaisari alikuwa na tai wa vichwa viwili. Kichwa kimoja hakikuwatosha." Daktari alisogeza kioo. "Huyu ana ngao kifuani, na ndani ya ngao kuna kijitu kimepanda farasi, kinachoma joka kwa mkuki. Ni kidogo kama punje ya mtama. Huyo ni tai wa Warusi."

Watu wakamgeukia meya. Frika ikasikika ikikaangika.

"Basi aliziteka," alisema Stojan bila kusita. "Babu alipigana na Warusi kabla ya kuletwa huku. Aliziteka, akazifua."

"Inawezekana," alisema daktari, akaivaa bangili.

Alikaza waya wake. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kipande cha mkate kwenye kikapu, akala. Akachukua kingine. Akaomba frika, akaletewa, akaimaliza akiwa ameinama juu ya sahani, mkono wa kushoto umeizungushia kama ukuta. Akaomba nyingine. Wanawake wa jikoni walifurahi sana, kwa kuwa wageni wa Ljubljana kwa kawaida huacha nusu na kusema wanapunguza unene.

"Una mkate mweusi?" aliuliza huku akitafuna. "Ule mchachu. Na mafuta ya kitani, na chumvi ya mawe. Na chai, isiyo na maziwa, kwenye bilauri, na jemu ya kulamba pembeni."

"Chai?" Zdravka alishangazwa na chai kuliko jambo jingine lolote. "Kwani unaumwa? Hapa chai ni ya wagonjwa."

"Valerija anakunywa," alisema mwanamke wa jikoni. "Anakunywa kwenye bilauri, na jemu."

"Na Pavla alikuwa anakunywa," mwingine akaongeza, "mpaka Vale alipoolewa. Halafu akaacha ghafla."

Wote waligeuka kumtazama Valerija. Yeye alikuwa anaitazama sahani yake. Frika ilikuwa bado imejaa. Alikuwa amekula kijiko kimoja, cha pili akakiinua, akakirudisha.

"Vale wee," Zdravka akamwinamia, na kwa mara ya kwanza siku ile akashusha sauti. "Una nini? Mbona huli?"

"Nimeshiba," alisema Valerija.

Alilisema neno hilo polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Halafu akalirudia. Akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake na kukaa hivyo, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta, na hakuna aliyejua kama apewe kitambaa au aachwe. Zdravka aliamua kuila ile frika ili isipoe.

Kumbe aliwahi kushiba mara moja, alisema baadaye. Alipofanyiwa upasuaji wa nyongo hospitali walimvua bangili, na siku tatu hakutaka chakula. Alidhani ni dawa. Manesi walimsifu kwa uvumilivu. Aliporudi nyumbani Ludvik alimvisha mwenyewe, akampa mkate, na maisha yakaendelea.

Daktari alikuwa sasa amesimama. Alikuwa anageuza pua huku na huku kama mtu anayetafuta moshi unakotoka.

"Mtu huyu hakuwa majabalini," alisema. "Haogopi mizinga, iko mbali. Yuko barabarani. Amebeba mawe tangu asubuhi. Hajala leo, jana alikula maji yenye majani ya kabichi. Lakini mkate upo. Uko karibu kabisa, anausikia harufu. Uko kwenye mkoba wa mtu aliyesimama." Akafumba macho. "Ni mkate wake. Ni posho yake yeye mwenyewe, na ya wenzake. Mwenye mkoba anamwonyesha nusu, kisha anaurudisha. Nusu atapewa bangili ikiisha. Sarafu zenyewe zilikuwa zimeshonwa kwenye pindo la koti lake, za kurudia nyumbani."

"Mkoba gani?" aliuliza Stojan. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wa ngozi. Wa begani."

"Una kifungo cha pembe ya kulungu," alisema Valerija kutoka kwenye kiti chake. "Kimepasuka upande mmoja."

Hakuna aliyehitaji kuuliza aliujuaje. Mkoba wa Matija ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango wa stoo katika nyumba ya akina Rutar tangu vita viishe. Valerija hakuwahi kuweza kuupita bila kuufungua. Kila siku, miaka yote ile, alitia mkono ndani akapapasa, na kila siku haukuwa na kitu. Pavla alimchapa vidole kwa mwiko. "Unatafuta nini humo, mlafi wewe?" Naye hakujua. Alijua tu kwamba kuna kitu humo. Wiki mbili zilizopita Stojan alikuwa ameuchukua mkoba ule na kuuweka kwenye chumba cha makumbusho, juu ya mto wa mahameli, na maelezo kwamba ndani yake shujaa alibeba barua za mchumba.

"Nipe hiyo bangili," alisema Stojan.

Daktari aliivua kwa shida, akampa, na mara akaisukuma mbali sahani na kujifuta mdomo kama mtu aliyeamka. Waya haukutosha kuzunguka mkono wa meya, hivyo aliishikilia kwa mkono wa pili. Alisimama katikati ya jumba, kifua mbele, kama anavyosimama siku ya taifa. Watu walingoja. Zdravka alikuwa anatafuna.

"Nasikia..." alisema Stojan. Akameza mate. "Nasikia ujasiri."

"Ujasiri wa namna gani?" Zdravka akauliza.

"Mkubwa." Jicho lake lilikuwa kwenye kikapu cha mkate. "Ujasiri mkubwa sana, unaanzia hapa tumboni." Akasogea hatua moja. "Huo mkate una mtu?"

Alikula mkate wote uliobaki akiwa amesimama. Kisha akala frika akiikwangua kwenye sufuria, upande ule uliogandamana ambao kwa kawaida hugombewa. Alipomaliza, mashavu yakiwa bado yamejaa, alisema kwamba hiyo ndiyo bangili ya babu yake na kwamba daktari anaweza kutia sahihi.

Daktari Neva alitia sahihi kwenye kikaratasi chake mwenyewe. Aliandika kwamba sarafu ni za Kirusi, za fedha, na kwamba fundi ni mfungwa wa vita aliyekuwa akijenga barabara ya genge, jina halijulikani. Valerija aliichukua bangili kwa Stojan, akaifunga kwenye leso, akamfuata daktari mpaka kwenye gari.

"Daktari, jina lake hukulisikia? Hata la utani? Hata la mama yake?"

"Samahani, mama. Njaa haina majina. Ikiwa kali kiasi kile inasahau mpaka la mwenyewe."

"Mimi nimekaa naye miaka mingi kuliko nilivyokaa na mume wangu," alisema Valerija. "Nilitaka nijue tu nimwiteje."

Daktari alimshika mkono, kwenye ule mstari mweupe, akaingia garini. Kwenye kona ya kiwanda cha mbao alisimama akanunua soseji, kwa mazoea ya bangili yaliyokuwa hayajamwisha.

Jumatatu Valerija alikwenda ofisini kwa meya. Hakuketi.

"Shemeji, bangili nitakupa uiweke kwenye kioo. Sitaki kuivaa tena, na sina mkwe wa kumvisha. Hata ningekuwa naye nisingemvisha. Lakini andika ukweli."

"Shemeji yangu," alisema Stojan, akiinuka kumvutia kiti ambacho hakukikalia, "mabango yameshachapwa."

"Chapa mengine."

"Bajeti ya mwaka imefungwa."

"Basi chukua kalamu, ufute jina la babu yako. Kalamu unayo hapo kwenye mfuko."

Stojan aliitazama kalamu kana kwamba imemsaliti. "Vale, nisikilize. Tukianza kufuta kwa kalamu tutaishia wapi? Barabara tuite ya nani? Shule? Nusu ya makaburi yaliyo pale juu, mawe yana majina ya watu wasiostahili. Babu alikuwa kijana. Wote walikuwa na njaa wakati ule."

"Babu yako hakuwa na njaa. Alikuwa na mkoba."

"Unajuaje moyo wake?"

"Wake siujui. Nilipewa wa yule mwingine."

Meya akakaa. Alikuwa si mtu mbaya. Alikuwa amewahi kuuza gari lake ili paa la kanisa lisivuje, na jambo hilo hakulisema hadharani hata wakati wa kampeni. Alizungusha kalamu vidoleni.

"Nilipoivaa," alisema mwishowe, "nilimwona babu kwa upande wa chini. Unanielewa? Kama mtu aliyechuchumaa anavyomwona aliyesimama. Masharubu yake, na tundu za pua. Kwenye picha zote tulizonazo hajapigwa kwa upande ule."

"Basi andika."

"Nitalipeleka kwenye baraza," alisema Stojan.

Alilipeleka, na hakuna aliyemlaumu baadaye kwa hilo. Wajumbe walilijadili kwa utulivu. Hakuna aliyebisha kwamba bangili ina njaa ya Mrusi. Wajumbe wawili waliomba kuivaa, wakavaa, na kikao kikaahirishwa ili watu wapate chakula cha mchana. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, alipendekeza maelezo yawe mawili, ya familia na ya mtaalamu. Mwingine akasema wageni huchanganyikiwa wakipewa mambo mawili. Ikaamuliwa kwamba maelezo yaliyopo yabaki kwa sasa, na kwamba ya pili yataongezwa nafasi itakapopatikana ukutani. Ukuta ulikuwa mtupu, lakini ulikuwa umetengewa ramani.

Chumba kilifunguliwa mwezi wa Mei, kwa bendi na hotuba. Bangili iliwekwa kwenye sanduku la kioo, imelala juu ya kitambaa cha buluu, ua moja moja la mlimani likimeremeta chini ya taa. Kioo hakikuwa kinene sana. Waliosogea karibu kusoma maandishi walianza kumeza mate. Mke wa balozi mmoja alifungua mkoba wake akatafuta peremende. Watalii Waholanzi, baada ya kusoma mpaka mwisho habari za upendo chini ya mizinga, walitoka nje wakiulizana kwa wasiwasi kama kuna mahali pa kula.

Palikuwepo. Stojan, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa amefungua kibanda cha mkate mlangoni. Mikate ilikuwa ya duara, imepigwa muhuri wa ua, na iliitwa Mkate wa Matija. Iliuzwa nzima au nusu. Nusu ndizo zilizotoka zaidi. Kufikia majira ya joto kibanda kilikuwa kinaingiza kuliko chumba chenyewe, na fedha zikaanza kukarabati shule, kwa hiyo hata wale waliokuwa na neno la kusema walikosa mahali pa kulianzia.

Zdravka alipewa kazi ya kulinda chumba. Alikaa kwenye kiti karibu na sanduku, akanenepa zaidi, akaridhika. Alikuwa na ufunguo wa kioo kwa ajili ya kufuta vumbi, na siku ya Alhamisi, chumba kinapofungwa kwa usafi, alikuwa anamfungulia Valerija.

Valerija sasa alikuwa mtu wa kula kidogo. Asubuhi yai moja, jioni supu. Mwanzoni alikuwa anasahau kabisa, akasimama katikati ya jikoni bila kujua aende wapi, maana miguu yake miaka yote ile ilikuwa imeongozwa na kitu kimoja. Nyumba ilikuwa kimya. Alijifunza kuoka mkate mweusi mchachu, jambo lisilokuwa rahisi. Mara tatu ulitoka kama tofali na kuku wakaukataa. Mafuta ya kitani aliagiza kwenye duka la rangi, kwa kosa, kisha kwenye duka la dawa.

Alhamisi alikuja na mkate umefungwa kwenye kitambaa, chupa ya mafuta, chumvi kwenye karatasi, na chai kwenye chupa ya moto. Akaketi, akavaa bangili, akala. Alikula bila haraka, akichovya, akinyunyiza chumvi, akilamba jemu kidogo kisha akinywa. Hakuzungushia mkono sahani. Zdravka alisema kwamba kumtazama ilikuwa kama kumtazama mtu anayemlisha mgonjwa, ila hakuna mgonjwa.

"Anashiba, huyo Mrusi wako?" Zdravka alimuuliza siku moja.

"Hashibi," alisema Valerija akifungua waya. "Lakini Alhamisi iliyopita alichelewa kutaka kipande cha pili."

Alimwita Alhamisi, kwa kukosa jina jingine. Aliomba jina hilo liandikwe hata kwa herufi ndogo, chini kabisa, na ombi lake lilipokelewa na baraza na kuwekwa pamoja na ile ramani.

Kwa hiyo maandishi ni yaleyale. Mgeni akiingia na kuuliza nani alitengeneza kitu kizuri namna hii, Zdravka huinuka kwenye kiti, kwa kuwa ndiyo kazi anayolipwa, akamsomea kwa sauti yake kubwa: kazi ya mikono ya Matija Rutar, kwa mchumba wake Terezija, kwa upendo. Husubiri kidogo mgeni ameze mate. Kisha humuuliza kama angependa mkate, mzima au nusu, na hajawahi kutokea aliyesema hapana.